Mvua ya Mbuzi

Hii habari huwa siisemi kwa kupenda. Nikiisema, masikio yangu yanapata moto kama ya mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni, lakini kwa vile mji mzima wa Kiboko tayari unaijua, na imefika mpaka Mukuyuni kwa wakwe zangu (mama mkwe alinipigia simu, hakusema neno hata moja, alicheka tu dakika nzima halafu akakata), nimeona afadhali muisikie kutoka kwangu mwenyewe kabla hamjaletewa ile ya kuongezwa chumvi. Na hiyo ya kuongezwa chumvi, niwaambie tu ukweli, haijaizidi ya kweli kwa mbali.

Mimi naitwa Kimanzi. Baba ni Mkamba wa Kitui, mama ni Mkamba wa Makueni, lakini nilizaliwa na kulelewa Mombasa, pale Changamwe, ambapo mtaani tulikuwa tunaongea Kiswahili, shuleni Kiswahili, na nyumbani Kikamba kilikuwa kinatoka tu baba akikasirika. Kwa hivyo Kikamba changu chote ni cha kugombezwa. Mtu akiniita mjinga kwa Kikamba naelewa vizuri sana, akiniambia nifunge mlango naelewa, akiniambia chakula kiko tayari naelewa hata kabla hajamaliza. Zaidi ya hapo natingisha kichwa. Nilipohamia Kiboko miaka mitano iliyopita kutengeneza pampu za maji za wakulima, nikaoa Mwende, msichana wa Mukuyuni, niligundua kwamba ukiwa na jina kama langu na uso kama wangu, hakuna mtu atakuuliza kama unajua lugha ya kwenu. Wakicheka nacheka, wakisikitika nashika kidevu. Mwende peke yake ndiye aliyejua siri hiyo, na mama yake alikuwa ameanza kushuku.

Jambo lingine mnalofaa kujua ni kwamba mimi ni muoga. Si muoga wa nyoka wala wa giza, muoga wa kukosea mbele ya watu. Mwaka wangu wa kwanza kanisani nilipewa kusoma matangazo, karatasi mbili zikachanganyikana mkononi, nikatangazia kanisa kwamba marehemu atafunga ndoa Jumamosi na wote mnakaribishwa. (Familia ilinisamehe. Bwana harusi, sijui.) Tangu siku hiyo nilikataa kila kitu. Kwaya nilikataa, ushemasi nilikataa, hata kuombea chai nilikuwa nikiona sufuria inaletwa natoka nje kana kwamba nimepigiwa simu. Kiti changu kilikuwa benchi la mwisho, karibu na mlango.

Sasa Pasta Mulwa, ambaye ni mtu mpole lakini akishika jambo haliachi, alikuwa amehubiri juu ya hofu Jumapili nne mfululizo. Siku ya nne alisimama akaniangalia mimi moja kwa moja (Mwende anasema alikuwa anaangalia saa ya ukutani, ambayo iko juu ya kichwa changu, lakini mimi najua nilichokiona), akasema, "Kuna mtu hapa anangoja mpaka awe na hakika hatakosea ndipo amtumikie Mungu. Ndugu yangu, utangoja mpaka tukuzike." Maneno hayo yaliniingia. Wiki nzima nikifungua pampu nayasikia, nikifunga pampu nayasikia. Nikamwambia Mungu, bafuni, nikiwa na sabuni kichwani, kwamba kitu cha kwanza nitakachoombwa Jumapili nitakubali. Chochote kile.

Mimi nilidhani nitaombwa kupanga viti.

Jumapili hiyo tulikuwa na mgeni. Mama Kalunde, mwinjilisti mzee kutoka Tseikuru, kule mwisho kabisa wa Kitui ambako watu wanaishi na mifugo yao na jua lao. Alikuwa amesafiri siku mbili. Alikuwa anahubiri kwa Kikamba, na kanisa letu, kwa vile Kiboko ni mji wa barabarani na wa mashamba, nusu ni Wakamba na nusu ni watu wa kutoka kila pembe ya nchi ambao hawajui Kikamba hata cha salamu. Kwa hivyo mgeni kama huyo lazima atafsiriwe, na mwalimu ambaye hutafsiri siku zote alikuwa ameamka bila sauti. Nilikuwa ndio nimefika mlangoni, Pasta Mulwa akanishika mkono.

"Kimanzi, wewe una Kiswahili kizuri cha Mombasa. Utamtafsiria Mama Kalunde?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema maneno matatu tu: Pasta, sijui Kikamba. Lakini mwanaume wa miaka thelathini na mbili, jina Kimanzi, mke kutoka Mukuyuni, atasemaje hivyo mlangoni pa kanisa watu wakipita? Halafu nilikuwa nimeshamwahidi Mungu. Nikajiambia, pengine hii ndiyo ile imani wanayosema, unaingia kwanza halafu maneno yanakuja. Nikatingisha kichwa.

Mwende alikuwa nyuma yangu. Alinivuta koti. "Kimanzi, unatafsiri nini?"

"Mungu atanisaidia."

"Mungu anajua Kikamba," akasema Mwende. "Shida ni wewe."

Nikamwambia asinivunje moyo, nikaenda mbele.

Mama Kalunde alikuwa mwanamke mdogo, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, meno mawili ya mbele hayapo, na mkono wake ukikushika unahisi ni kama umeshikwa na mizizi. Alinisalimia, nikamjibu vizuri kwa sababu salamu ninazijua. Akaniuliza kitu kingine, nikatingisha kichwa. Akaniangalia kidogo. Tukapanda jukwaani.

Mwanzo ulienda vizuri, na huo ndio uliokuja kuniponza. Alisema sentensi, nikasikia jina la Bwana ndani, nikasema, "Anawasalimia katika jina la Bwana!" Amina ikaitikiwa. Akasema nyingine, nikasikia Tseikuru, nikasema, "Ametoka Tseikuru!" Amina. Akaanza kueleza habari ya ukame, akionyesha kwa mikono, akitaja ng'ombe (ambao ni ng'ombe kwa lugha zote mbili, Mungu awabariki), halafu akataja mbui, na mbui ninawajua tangu utoto maana baba alikuwa akichinja mmoja kila Krismasi. Mbui ni mbuzi. Nikasema, "Ng'ombe walikufa, na mbuzi wakafa!" Wamama wa mbele wakasikitika. Nikahisi kitu fulani kifuani, nikajiambia, kumbe ni rahisi hivi, miaka yote hii nilikuwa naogopa nini?

Sasa sikieni. Kwa Kikamba mbuzi ni mbui na mvua ni mbua. Mtu mwenye akili zake anajua tofauti. Lakini mimi nilikuwa na spika moja nyuma ya sikio langu inapiga mluzi, mama mwenyewe hana meno ya mbele, na kichwa changu tayari kilikuwa kimejaa mbuzi. Akasema kwamba yeye na wamama wengine sita walipiga magoti wakamwomba Mungu. Walimwomba nini? Mimi nilisikia mbui. Na si mbuzi walikuwa wamekufa? Inaingia akilini kabisa.

"Walipiga magoti siku nne," nikatangaza, "wakimwomba Mungu mbuzi!"

Watu wachache wakaangaliana. Mama Kalunde akainua mikono yote miwili juu, akaishusha polepole, vidole vikicheza.

"Na Mungu akafungua mbingu," nikasema kwa sauti kubwa, "mbuzi wakaanza kushuka!"

Kanisa likanyamaza kimya. Mimi nilidhani ni uzito wa muujiza. Kusema kweli na mimi nilishangaa kidogo, lakini nimesikia shuhuda nyingi maishani, na mimi ni nani nimwekee Mungu mipaka? Nikaendelea. "Kwanza walikuja wadogo wadogo! Halafu wakaja wakubwa! Walipiga juu ya mabati mpaka watu hawasikizani!"

Hapo kicheko kikaanza upande wa vijana, na mimi nikakichukua kuwa furaha ya Roho, nikaongeza nguvu. Mto ukajaa mbuzi, nikasema. Hapakuvukika kwa siku tatu. Nikamwona Mwende katikati ya wamama, ameinua mikono anachezesha vidole kutoka juu kwenda chini, juu kwenda chini, macho yamemtoka. Nilidhani anasifu. Nilimtabasamia.

"Na watoto wakatoka nje," nikasema, "wakafungua midomo, wakawanywa..."

Nikasita. Hata mimi niliona hapo pana shida. Watu mia mbili wananitazama. Na badala ya kusimama kama binadamu niulize, nikatengeneza.

"...wakanywa maziwa yao!"

Mwende alijifunika uso na leso. Mzee mmoja wa kanisa alitoka nje na hakurudi mpaka wimbo wa mwisho. Mama Kalunde akanigeukia, akanitazama kutoka viatu mpaka kichwani, si kwa hasira, halafu akawaambia watu jambo fupi huku akinipigapiga begani. Nilisikia neno mwana na nilisikia neno Kikamba. Nikavuta pumzi.

"Anasema Mwana wa Mungu anasikia Kikamba! Haleluya!"

Hapo kanisa lilikwisha. Kuna watu walilala kwenye mabenchi. Alichokuwa amesema, nilikuja kuambiwa, ni kwamba huyu mwana hasikii Kikamba, tumvumilie.

Kama yangeishia hapo ingekuwa tu aibu yangu mimi. Lakini Mama Kalunde alingoja kicheko kitulie, akashusha sauti, na sura yake ikabadilika. Akaongea kwa muda mrefu bila kuningoja. Wakamba wengi wakaangalia chini. Nilijua kuna jambo kubwa linasemwa na sikushika hata moja isipokuwa neno moko, ambalo ni mikono, na alilirudia mara tatu, akiwa amenyoosha yake mbele. Alipomaliza akanitazama. Nikafanya kile muoga hufanya. Nikasema kitu kinachosemwa kanisani siku zote.

"Anasema tuinue mikono juu!"

Watu wa kutoka mbali, wale wasiojua Kikamba, wakainua mikono. Karibu watu thelathini, wamefumba macho, wanamsifu Mungu. Mama Kalunde akawaona. Akashika mdomo. Halafu machozi yakaanza kumtoka, akashuka jukwaani akaenda katikati ya mabenchi, akishika mikono ile mmoja mmoja, akiibusu, akihesabu kwa Kikamba. Alifika kwa Wafula, fundi wa mawe, Mluhya mkubwa kama mlango ambaye amejenga nusu ya vibanda vya Kiboko, akamshika mikono yote miwili, akalia kabisa. Wafula akafumbua jicho moja, akaniuliza kutoka pale benchini, "Kimanzi, huyu mama ananishukuru kwa nini?"

Sikujua. Mwende ndiye alikuja mbele haraka haraka, akaninong'oneza sikioni, na hakuwa anacheka tena.

"Mbuzi wako walikuwa mvua, lakini hilo baadaye. Ameomba watu wa kwenda Tseikuru kumjengea kanisa. Siku tano. Wao huko ni wamama na wazee tu, kuta zilianguka. Amesema hataki kitu kingine, anataka mikono. Sasa anafikiri hawa wote wamekubali."

Ndugu zangu, kuna aibu ya kuchekwa, na kuna ile nyingine. Niliangalia mlango. Ulikuwa mbali sana. Nilijua ningeweza kusema "asanteni, shusheni mikono," tuimbe wimbo, mambo yaishe, na mama arudi Tseikuru akangoje watu ambao hawatakuja. Hakuna mtu angeniuliza. Lakini nilimwona anavyopangusa macho na ncha ya kitambaa chake, anatabasamu na lile pengo lake, na nikahisi kwamba nikinyamaza sasa hivi, hata nikihudhuria kanisa miaka hamsini, nitakuwa nakaa tu.

Nikashika maiki. Spika ikanguruma.

"Ndugu zangu," nikasema, "mimi sijui Kikamba."

Hakuna aliyecheka.

"Sijakijua hata siku moja. Niliona aibu kusema. Ile ya mbuzi ilikuwa mvua. Na huyu mama hakusema muinue mikono, amewaomba muende Tseikuru mumjengee kanisa, na sasa anafikiri mmekubali, na kosa ni langu. Pasta, nisamehe. Mama," nikamgeukia, "nisamehe."

Mikono ikaanza kushuka, mmoja mmoja. Mama Kalunde alisimama pale katikati akiitazama ikishuka. Halafu akarudi mbele polepole, akapanda jukwaani, akachukua maiki mkononi mwangu, na akasema kwa Kiswahili (kwa Kiswahili!), "Mwana wakwa, mwanangu, mimi nilijua kutoka mbuzi ya kwanza."

Kanisa likalipuka upya. Nilitaka ardhi ipasuke.

"Kiswahili mimi nasikia," akaendelea, akingoja watu wanyamaze. "Kuongea ndio naogopa. Naona watu ya hapa wamesoma, watacheka mimi. Ndio maana nilisema Pasta anipatie mtu. Huyu mwana aliposema mikono, nilifikiri hiyo moja ameshika. Sasa amechekwa kabisa, na hajakufa." Akanishika begani. "Basi na mimi wacha nichekwe."

Akatoa ombi lake mwenyewe. Kiswahili chake kilikuwa kimevunjika kila mahali, na hakuna aliyethubutu hata kukohoa. "Kanisa yetu imeanguka. Mawe iko. Maji tunabeba na punda. Chakula iko kidogo lakini iko. Mikono ndio hakuna. Siku tano tu. Sasa yule hataki, ashushe, mimi sitakasirika."

Wakati huo mkono mmoja tu ulikuwa bado juu. Wafula alikuwa ameusahau, au hakuusahau, mpaka leo hatujui. Aliutazama, akatutazama sisi, akasema, "Mama, mkono ulishapanda. Nikiushusha sasa nitamwambia nini Mungu? Nitakuja."

Kisha mwingine akainua. Kisha wawili. Mwishowe walikuwa tisa, na mimi wa kumi, kwa sababu Mwende alinikanyaga mguu, ingawa nilikuwa tayari naenda.

Tulikaa Tseikuru siku tano kama alivyosema. Mimi si fundi wa mawe, kazi yangu ilikuwa kubeba, na wamama wa huko, ambao habari zilikuwa zimewafikia kabla yetu, walikuwa wakiniona na jiwe begani wanatazama juu angani na kuniuliza kama naona mbuzi wowote wanakuja. Siku ya tatu Mama Kalunde aliniletea uji kivulini mwa ukuta tuliokuwa tumeuinua, akakaa chini karibu nami. Nikamuuliza kwa nini hakunisimamisha mapema, akiona ninavyoharibu.

"Ulikuwa unaenda na nguvu," akasema. "Nilitaka kuona utafika wapi."

Tukacheka. Kisha akaniambia kwamba siku yake ya kwanza kuhubiri, akiwa bado msichana, alisimama mbele ya watu watatu na mbwa, na kwa woga akasahau jina la Yesu. Likapotea kabisa. Alilitafuta, alilitafuta, halikuja, na watu watatu wanamwangalia. Basi akahubiri mahubiri yote mpaka mwisho akimwita "yule wetu." Yule wetu alituokoa. Yule wetu anatupenda.

"Na walielewa?" nikamuuliza.

"Mmoja aliokoka," akasema, akanywa uji wake. "Mbwa naye alikuwa anarudi kila Jumapili."

Sijajifanya shujaa tangu hapo. Bado nikiitwa mbele natazama mlango kwanza. Lakini nimejiapia kitu kimoja, na naomba Mungu anishikilie nisirudi nyuma: sitasema "niko tayari" kabla sijasema kwanza "hiki sikijui," tena kwa sauti ya kusikika, hata kama mlangoni pamejaa watu. Nilidhani nimejitosa kwa imani siku ile, kumbe nilikuwa nimejificha tu mahali pa juu zaidi.

Mama Kalunde hunipigia simu kila Jumamosi, tunaongea Kikamba mpaka anachoka. Na Jumapili iliyopita, Pasta Mulwa alipouliza nani atafunga ibada kwa maombi, nilisimama, nikasema mbele ya wote kwamba bado najifunza, nikaomba kwa Kikamba tangu mwanzo mpaka Amina. Yalikuwa maombi mafupi. Katikati nilisikia wazee wawili wanakohoa kwa wakati mmoja, lakini sikusimama.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani, watu wengine wa kanisa wakitembea mbele na nyuma yetu, Mwende akaniambia kwa sauti ya chini, "Ulikosea mara mbili."

"Wapi?"

"Nitakuambia tukifika."

Nikamwambia hapana, aniambie papo hapo, na aseme kwa nguvu.